Kuseti gari kwenye gemu za mbio: mwongozo kamili, kuanzia tairi hadi difu

Gari linapotoka dukani ndani ya gemu huwa limepangwa lisimwangushe anayeanza, basi. Springi zake, gia zake na difu yake (kifaa kinachogawa nguvu kati ya magurudumu) hazikulenga saketi yoyote wala mkono wa mtu yeyote. Ndiyo maana wachezaji wawili wenye gari moja na tairi za aina moja wanaweza kuachana mbali ndani ya mzunguko mmoja, na aliyeachwa akadhani kasoro ni vidole vyake.

Njia ya mkato inayopendwa ni kunakili kazi ya bingwa. Kwenye Forza Horizon 5 unaingiza msimbo wa tarakimu tisa na ndani ya dakika moja una mpangilio wa mtu mwingine. Lakini mpangilio huo umefungwa: unauendesha, namba zake huzioni. Gari likikushinda kwenye kona hujui uguse wapi. Isitoshe, huenda aliyeupanga anatumia usukani na kanyagio, wewe una pedi yenye kijiti kilichochoka. Na sasisho likibadilisha fizikia ya gemu, mpangilio wa kunakili unachakaa siku hiyohiyo, wakati anayejua kusoma gari anarekebisha na kuendelea.

Kusoma gari kunaanza na maswali matatu: linakosea sehemu gani ya kona? Tairi zilizokosa mshiko ni za mbele au za nyuma? Na kona yenyewe ni ya kasi au ya polepole? Mwongozo huu unatumia mifano ya Gran Turismo 7 (2022), Forza Horizon 5 (2021), Assetto Corsa (2014) na EA Sports WRC (2023), lakini kanuni ni zilezile popote penye springi na difu za kurekebisha.

Kwanza tengeneza meza ya majaribio

Usiguse springi kabla ya kusafisha mambo yanayoficha ukweli. Anza na pedi. Ingia kwenye gari, liendeshe kwenye barabara iliyonyooka, kisha achia kijiti kabisa. Likipinda lenyewe, ongeza ukanda mfu wa ndani wa kijiti, yaani eneo ambalo kijiti kikisogea gemu haisikii, pointi moja moja mpaka linyooke, kisha simama hapo. Ukizidisha, utalazimika kusukuma kijiti mbali kabla gari halijaitikia, na utalilaumu gari kwa kugeuka kwa uzito. Ukicheza kwenye kibanda cha kulipia, fanya jaribio hili kila unapobadilishiwa pedi. Televisheni nayo iwekwe kwenye hali ya gemu, kwa sababu bila hiyo picha huchelewa na wewe unafunga breki kwa kuchelewa kila kona.

Zima kisaidizi cha uthabiti na kile cha kuzuia tairi kuzunguka bure. Visaidizi hivyo hukata nguvu na kufunga breki kwa siri, hivyo kasoro za gari hazionekani. ABS (mfumo unaozuia tairi kuacha kuzunguka unapofunga breki) unaweza kuiacha kama unatumia pedi, kwa kuwa kipimo cha kidole kwenye kitufe cha breki si sawa na mguu.

Chagua saketi moja fupi na uishikilie. Kwenye Gran Turismo 7, Tsukuba inafaa sana: ina takriban kilomita 2, kona za polepole, kona moja ndefu ya kasi mwishoni na mnyooko wa kutosha kupima gia. Kwenye Assetto Corsa, Magione ya kilomita 2.5 inafanya kazi hiyohiyo na imo ndani ya gemu ya msingi. Kwenye Forza Horizon 5 tumia hali ya Rivals, ambako hali ya hewa haibadiliki na unakimbia dhidi ya kivuli cha gari. Fungia mafuta kiwango kimoja. Petroli ina uzito wa takriban kilo 0.75 kwa lita, kwa hiyo lita 60 ni kilo 45, na kilo hizo zikipungua katikati ya majaribio utashindwa kujua kama kasi imetoka kwenye springi au kwenye tangi. Kwenye Gran Turismo 7 angalia pia oili: ikichakaa, nguvu ya injini hushuka. Ibadilishe kabla ya kuanza kupima.

Sasa kimbia mizunguko 2 ya kupasha tairi, kisha 5 ya kupimwa. Andika muda wa yote mitano. Ikiwa tofauti kati ya ule wa haraka na ule wa polepole inazidi nusu sekunde, na huo ni mzunguko wa saketi fupi, bado hujawa tayari kuseti. Badiliko zuri la stebilaiza (fito linalozuia gari kulala kwenye kona) linaweza kukupa sekunde 0.2 tu, na huwezi kuliona ikiwa mikono yako yenyewe inayumba kwa sekunde nzima. Endelea kuendesha gari kama lilivyo mpaka mizunguko ikaribiane. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoharibu kazi yote inayofuata.

Uwe na daftari la karatasi. Kila ukurasa uandike gari, saketi, tairi, mafuta, badiliko moja ulilofanya, wastani wa mizunguko mitano, na sentensi moja ya jinsi gari lilivyohisi. Kwenye kibanda, akaunti ni ya mwenye mashine na mteja anayefuata anaweza kufuta kila kitu. Nyumbani umeme ukikatika katikati ya majaribio, ulichokuwa hujahifadhi kimekwenda. Hifadhi kila mpangilio kwa jina jipya lenye namba kabla ya kuujaribu, usiandike juu ya ule wa zamani. Kwenye Assetto Corsa mipangilio hukaa kama mafaili madogo ndani ya folda ya setups iliyo chini ya Documents. Nakili folda hiyo kwenye flashi na unaweza kuhama na kazi yako kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Gran Turismo 7 inadai intaneti kwa sehemu kubwa ya gemu, kwa hiyo pima bando kabla ya kupanga jioni ya majaribio.

Tairi kabla ya kitu kingine

Hakuna kitu ndani ya gari kinachogusa barabara isipokuwa tairi nne, na springi zote zipo ili kuzihudumia. Amua aina ya tairi kwanza, kwa sababu ukibadilisha tairi baadaye unaanza upya karibu kila kitu.

Kama gemu inakuruhusu kupanga upepo, kumbuka kwamba namba unayoweka ni ya tairi baridi, lakini unayohitaji ni ya tairi moto. Kimbia mizunguko 3 au 4, kisha soma. Joto likipanda nyuzi 10 kwenye tairi ya psi 26 (psi ni kipimo cha upepo), upepo hupanda kwa takriban psi 1.3. Kwa hiyo mpangilio uliopatana asubuhi kwenye saketi yenye nyuzi 18 utakuwa umejaa mno mchana wa nyuzi 30.

Assetto Corsa ina dirisha la tairi linaloonyesha joto la sehemu tatu: ndani, katikati na nje. Katikati ikiwa moto kuliko pande zote mbili, upepo ni mwingi. Punguza psi 1, rudia. Pande zikiwa moto kuliko katikati, upepo ni mdogo. Ndani ikizidi nje kwa nyuzi 5 hadi 10 hivi, uko sawa. Ikizidi zaidi ya hapo, kemba ni kubwa mno.

Kemba ni kule kulala kwa tairi kuelekea ndani juu. Gari linapolala kwenye kona, tairi ya nje husukumwa isimame wima, na kemba huipa nafasi ya kukanyaga kwa upana wake wote. Ukiizidisha, breki zinapungua nguvu na gari linatoka kwenye kona kwa kusota, kwa sababu kwenye mnyooko tairi inakanyaga kwa ukingo mmoja. Anza na nyuzi -1.5 mbele na -1.0 nyuma kwa tairi za kawaida, na ongeza nusu nyuzi kwa tairi za mashindano. Gran Turismo 7 huandika kemba bila alama ya kutoa, 1.5 pale ni ileile -1.5.

Tou, yaani tairi kuangalia ndani au nje zikitazamwa kutoka juu, itumie kidogo sana. Nyuma, kuangalia ndani kwa nyuzi 0.1 hadi 0.2 kunatuliza mkia. Mbele acha sifuri mpaka uwe na sababu. Tou kubwa huburuta tairi na kula kasi ya mnyooko. Kasta, yaani mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma, ukiweza kuigusa, iweke karibu na 5.5 hadi 6 na uisahau.

Soma kona kwa vipande vitatu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Gari lina makosa mawili tu ya msingi. Linagoma: umegeuza usukani lakini pua inaendelea kwenda nje, kwa kuwa tairi za mbele zimekosa mshiko. Au linatupa mkia: nyuma inataka kuipita mbele. Lakini "gari linagoma" haitoshi kama utambuzi. Linagoma lini?

Gawa kona vipande vitatu. Kuingia ni tangu unapofunga breki hadi unapoiachia. Katikati ni pale ambapo huna breki wala mafuta ya maana, gari linazunguka kwa kasi iliyotulia. Kutoka ni tangu unapokanyaga mafuta hadi gari linaponyooka. Kila kipande kina vifaa vyake vinavyotawala:

- Kuingia: mgawanyo wa breki, difu upande wa kuachia mafuta, na shokapu.
- Katikati: springi, stebilaiza, kemba.
- Kutoka: difu upande wa mafuta, springi za nyuma, na kwa gari la magurudumu manne mgawanyo wa nguvu mbele na nyuma.

Kisha linganisha kona ya polepole na ya kasi. Gari likigoma kwenye kona ya gia ya pili lakini likatulia kwenye kona ya gia ya tano, tatizo ni la chuma: springi, stebilaiza, difu. Likiwa zuri polepole na likagoma kwenye kasi kubwa tu, tatizo ni hewa: ongeza mgandamizo wa mbele (hewa kulikandamiza gari chini) au punguza bawa la nyuma. Wachezaji wengi huongeza bawa ili kutibu mkia unaoteleza kwenye kona ya kilomita 60 kwa saa. Bawa halifanyi kazi ya maana kwa kasi hiyo. Nguvu yake hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kwa 60 ni robo tu ya ile ya 120. Utakachopata ni gari lilelile linaloteleza, sasa likiwa pia zito kwenye mnyooko.

Kabla ya kulishtaki gari, jiulize kama hukuingia kwa kasi kupita kiasi. Jaribio ni rahisi: funga breki mita 10 mapema kwenye kona hiyo na uingie polepole. Pua ikitii, kosa lilikuwa lako. Ikigoma hata hivyo, fungua menyu.

Springi, stebilaiza na shokapu

Kanuni ya kushika ni hii: upande unaoulainisha hupata mshiko, upande unaoukaza huupoteza. Gari linagoma katikati ya kona? Lainisha mbele au kaza nyuma. Linatupa mkia? Kinyume chake. Mwanzoni pendelea kulainisha upande wenye shida kuliko kukaza ule mzuri. Ni salama zaidi, kwa kuwa unaongeza mshiko pale ulipopungua badala ya kuuharibu pale ulipo.

Pa kuanzia pakiwa pabaya utazunguka siku nzima, kwa hiyo tumia hesabu. Kwenye Forza chukua asilimia ya uzito ulio mbele, kisha: namba ya juu ya kitelezi toa namba ya chini, zidisha kwa asilimia hiyo, ongeza namba ya chini. Tuchukue Subaru Impreza, gari ambalo kila shabiki wa rali Uganda analifahamu, na tuseme gemu inaonyesha asilimia 58 ya uzito iko mbele. Stebilaiza kwenye Forza Horizon 5 huenda 1 hadi 65. Mbele: 64 × 0.58 + 1 = 38.1. Nyuma: 64 × 0.42 + 1 = 27.9. Springi zifanyie hesabu hiyohiyo kwa namba zake za juu na chini.

Gran Turismo 7 haihitaji hesabu hiyo kwenye springi. Pale springi hupimwa kwa Hz, yaani mara ngapi upande huo wa gari ungedunda kwa sekunde, na kipimo hicho tayari kimeshaingiza uzito. Ukiweka Hz sawa mbele na nyuma, springi ya upande mzito huwa ngumu zaidi yenyewe. Anza na Hz sawa pande zote, kisha rekebisha kwa 0.10 kila mara.

Stebilaiza ni lile fito la chuma linalounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Huzuia gari kulala kwenye kona, lakini haliingilii mdundo wa magurudumu yote mawili kwa pamoja. Kwa hiyo kama gari linapita mashimo vizuri na kasoro ipo kwenye kona peke yake, gusa stebilaiza na uache springi. Kama tumbo linagonga barabara au gari linarukaruka kwenye kingo za saketi, gusa springi na urefu wa gari. Pointi 3 hadi 5 kwa mara moja kwenye Forza, pointi 1 kwenye Gran Turismo 7 ambayo ngazi zake ni 1 hadi 10.

Shokapu hutawala kasi ya uzito kuhama, siyo kiasi chake. Ndiyo maana husikika pale gari linapobadilika: unapogusa breki, unapogeuza, unapopita kona mbili zinazofuatana. Upande wa kubonyea (shokapu inapobanwa) uwe takriban asilimia 60 ya upande wa kurudi (inaponyooka tena). Kwenye Forza yenye ngazi 1 hadi 20 anza na 6 na 10. Gari likidunda zaidi ya mara moja baada ya tuta, ongeza upande wa kurudi. Likirukaruka na tairi kupoteza barabara kwenye matuta yanayofuatana, punguza: shokapu ni ngumu kiasi kwamba gurudumu halina muda wa kushuka chini kabla ya tuta lijalo. Usianze kuseti kwa shokapu. Ni kifaa cha mwisho, cha kunyoosha kile ambacho springi zimeshakipatia.

Urefu wa gari ushushe mpaka tumbo lianze kugonga, kisha pandisha kidogo. Nyuma ikiwa juu kuliko mbele kwa milimita 5 hadi 10, pua hugeuka kwa wepesi zaidi.

Difu, kifaa kinachoogopwa bure

Kwenye kona gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Difu huruhusu tofauti hiyo. Difu ya mashindano huizuia kwa kiasi unachochagua, ili nguvu isipotelee kwenye gurudumu la ndani lililo jepesi.

Upande wa mafuta, kwa gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma: ukiweka chini mno, gurudumu la ndani litazunguka bure na utasikia injini ikipiga kelele huku gari haliendi. Ukiweka juu mno, magurudumu yote mawili yatateleza kwa wakati mmoja na mkia utaondoka ghafla bila onyo. Tazama marudio ya mzunguko wako kwa kamera ya nyuma ya gari. Moshi ukitoka kwenye gurudumu la ndani peke yake, ongeza. Ukitoka kwenye yote mawili, punguza. Jaribio hili halihitaji telemetria yoyote, yaani namba za gari zinazoonyeshwa na gemu.

Upande wa kuachia mafuta hutawala kuingia. Ukiwa juu, gari linatulia na kugoma kidogo. Ukiwa chini, linageuka kwa wepesi na linaweza kuzunguka. Kwa wenye pedi tunashauri kuanzia juu kidogo, kwa sababu kidole huachia kitufe cha mafuta ghafla kuliko mguu.

Namba za kuanzia kwenye Forza Horizon 5 ni hizi. Nyuma pekee: mafuta 50, kuachia 20. Mbele pekee: mafuta 40, kuachia 5. Magurudumu manne: difu ya mbele 25 na 0, ya nyuma 70 na 15, ya kati asilimia 65 hadi 70 kwenda nyuma. Kwenye Gran Turismo 7, ambako namba zote tatu za difu huenda 5 hadi 60, gari la nyuma lianze na 10 ya msingi, 25 ya mafuta, 15 ya breki. Badilisha kwa 5.

Gia

Anza na gia ya mwisho ya difu (Final Drive kwenye menyu) peke yake, usiguse gia moja moja. Namba kubwa maana yake gia fupi: gari linachomoka haraka lakini linafika mwisho mapema. Lengo ni injini ifike karibu na mstari mwekundu kwenye gia ya juu kabisa mwishoni mwa mnyooko mrefu zaidi wa saketi hiyo.

Mfano. Mstari mwekundu, yaani kikomo cha injini, uko mizunguko 7,000 kwa dakika. Mwisho wa mnyooko uko kwenye gia ya sita ukiwa na 6,300 tu, na gia ya difu ni 4.10. Unataka 6,900. Hesabu: 4.10 × 6,900 ÷ 6,300 = 4.49. Weka hiyo, kimbia, soma tena, kwa sababu gari sasa linachomoka vizuri zaidi na linaweza kufika na kasi kubwa kidogo kuliko mwanzo. Ikigonga mstari kabla ya kona, rudi hadi 4.42 au hapo jirani. Acha nafasi ya mizunguko 100 au 200 ya injini kwa ajili ya kufuata upepo wa gari lililo mbele yako.

Gia moja moja ziguse baadaye, na kwa sababu maalumu: kwenye kona fulani muhimu unajikuta kati ya gia mbili, au injini ya tabo inashuka chini ya pale inapoanza kuvuta kila unapobadilisha. Pengo kati ya gia ya kwanza na ya pili liwe kubwa kuliko yote, kisha yapungue kadiri unavyopanda.

Breki

Zima ABS kwa dakika kumi hata kama utairudisha. Kimbia hadi kasi kubwa, funga breki kwa nguvu ukiwa umenyooka, na tazama ni tairi zipi zinazoganda kwanza, yaani kuacha kuzunguka. Za mbele ndizo zinapaswa kutangulia, kidogo tu. Zikitangulia mno, gari litakwenda moja kwa moja na kuikosa kona. Sogeza mgawanyo asilimia 1 nyuma. Zikitangulia za nyuma, gari litazunguka, sogeza mbele. Jaribio hili pia linakuambia kitelezi cha gemu yako kinaelekea wapi, maana si gemu zote zinazoandika mbele na nyuma kwa namna moja. Nguvu ya breki ipunguze ikiwa tairi zinaganda kabla kitufe hakijafika nusu.

Mfano wa kazi nzima

Turudi kwa Impreza yetu yenye stebilaiza 38 na 28. Kwenye daftari umeandika: kona za polepole, inaingia vizuri, katikati inagoma kidogo, kutoka inagoma sana.

Usikimbilie kutoka. Katikati huja kwanza, kwa kuwa gari likifika mwisho wa kona pua ikiwa tayari iko nje, hakuna difu itakayoiokoa. Badiliko la kwanza: stebilaiza ya mbele 38 hadi 33. Mizunguko 5. Katikati sasa inatii, wastani umeshuka kidogo, kutoka bado. Badiliko la pili: difu ya kati kutoka asilimia 65 hadi 70 nyuma, ili tairi za mbele zisiombwe kugeuza na kuvuta kwa pamoja. Mizunguko 5. Kutoka kumekuwa bora. Badiliko la tatu: difu ya mbele upande wa mafuta 25 hadi 18. Hapa huenda ukaona gurudumu la mbele la ndani likianza kuzunguka bure kwenye kona kali. Basi umepita mpaka. Rudi hadi 22. Kila hatua imeandikwa, na kila hatua inaweza kurudishwa.

Kama badiliko halikuleta tofauti yoyote, lirudishe ulipolitoa kabla ya kujaribu jingine. Mabadiliko yasiyo na kazi yakirundikana, baada ya saa moja una gari ambalo huwezi kulielezea.

Barabara za vumbi

Anayefuatilia Pearl of Africa Uganda Rally anajua udongo mwekundu unavyofanya kazi: ukikauka ni changarawe inayobingirika juu ya sakafu ngumu, ukilowa ni utelezi mtupu. EA Sports WRC ina hatua (vipande vya barabara vya kushindania) za Safari Rally ya Kenya, na huko mpangilio wa lami hautakusaidia.

Pandisha gari kwa kiasi kikubwa. Lainisha springi na stebilaiza zote, maana kwenye udongo tairi inahitaji kufuata shimo kuliko gari linavyohitaji kusimama wima. Punguza upande wa kurudi wa shokapu ili gurudumu lishuke haraka ndani ya shimo. Lakini ukilainisha mpaka tumbo linagonga kwenye kila mruko, kaza upande wa kubonyea kwanza kabla ya kukaza springi. Kemba irudishe karibu na -1.0 au karibu zaidi na sifuri. Difu zikaze zaidi kuliko kwenye lami, kwa kuwa kwenye changarawe gurudumu la ndani hupoteza mshiko mara moja na nguvu yote hukimbilia huko. Breki zipunguze nguvu, na mgawanyo usogee nyuma asilimia 2 hadi 3, uweze kuugeuza mkia kwa breki kabla ya kona. Fupisha gia ya difu, kwa kuwa kasi ya juu haifikiwi mara nyingi. Na jaribu kwenye hatua yenye miruko na kona za kubana kwa pamoja. Hatua laini itakudanganya.

Kabla ya kuingia mbioni

Mpangilio uliopatikana kwa mizunguko 5 na mafuta kidogo bado haujapimwa kwa mbio. Jaza tangi la mbio nzima, washa uchakavu wa tairi, na kimbia mizunguko 15 bila kusimama. Gari zito hukaa chini zaidi, kwa hiyo tumbo linaweza kugonga pale ambapo halikugonga. Pandisha milimita 2 au 3. Tazama ni tairi zipi zinazochakaa kwanza. Za mbele zikiisha mapema, gari litaanza kugoma katikati ya mbio, na dawa yake ni kulipanga lianze likiwa linageuka kwa wepesi kidogo kuliko unavyopenda. Za nyuma zikiisha kwanza, punguza difu upande wa mafuta kwa pointi 3 hadi 5, au ongeza bawa la nyuma kidogo. Utapoteza labda sekunde 0.1 kwenye mzunguko wa kwanza. Hifadhi toleo hili kwa jina lake, tofauti na lile la mizunguko ya haraka, na uandike kwenye daftari lipi ni lipi.